Konza, Stesheni Tuliyokuwa Tukishukia

Kila Desemba, katika miaka ya utoto wetu Mombasa, mama alikuwa akifunga mizigo mitatu: kikapu cha nazi, furushi la nguo, na chakula cha njiani. Hatukuwa na haja ya kuuliza tunakwenda wapi. Jioni tulifuatana naye mpaka stesheni, tukaingia katika behewa la daraja la tatu, na usiku kucha tukasikia magurudumu yakigonga viungo vya reli. Alfajiri ilitukuta katika baridi tusiyoizoea, kwenye uwanda mpana usio na mnazi hata mmoja, punda milia wakilisha karibu na njia kana kwamba ni mbuzi wa jirani. Gari la moshi likapunguza mwendo, likasimama. Hapo ndipo Konza, na hapo ndipo mjomba wetu alipokuwa akitungoja, koti limefungwa vifungo vyote, baiskeli ameiegemeza ukutani.

Mama ni mzaliwa wa vilima vya Machakos. Aliolewa Pwani akiwa msichana, akakijua Kimvita mpaka wageni wasimtambue, lakini akikutana sokoni na mtu wa kwao, mara utamsikia, "Wĩ mũseo?" Katika maisha yake yote ya ndoa, njia ya kurudi kwao ilikuwa hiyo moja, reli na stesheni ya Konza.

Mjomba alifariki mwaka juzi. Habari ilitufikia baada ya mazishi, kwani namba za simu walizokuwa nazo zilikuwa za zamani. Mama hakupiga kelele wala hakulaumu watu. Aliniambia tu, "Mwanangu, nilikuomba unipeleke, ukasema mwezi ujao." Ni kweli nilisema hivyo, na si mara moja. Tangu safari za abiria za reli ya zamani zikome mwaka 2017, nilikuwa na udhuru tayari mfukoni: treni mpya haisimami kule, basi litamchosha, kazi zimenibana. Safari hii, skuli zilipofungwa, sikungoja kuombwa tena. Nilimpandisha mama garini kwenda kumpa mkono wa pole mkaza mjomba. Naye alitoa sharti moja: njiani tupitie Konza.

Reli ubavuni

Mwenye kwenda bara kwa barabara kuu huifuata reli sehemu kubwa ya njia, mara iko mkono wa kulia, mara wa kushoto. Mackinnon Road tulisimama, kama ilivyo ada ya wasafiri wengi, kwenye msikiti ulio kando ya reli. Hapo amezikwa Sayyid Baghali Shah, mmoja wa waliokuja kutoka Bara Hindi kuijenga njia hiyo. Wazee husimulia kwamba karai alilobeba kazini lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Kila mtu na aipokee hadithi hiyo kwa kadiri ya moyo wake. Kaburi lenyewe linatosha kutukumbusha kwamba reli ilijengwa na watu waliokuwa na majina, na wengi wao hawakurudi kwao.

Kazi ilianzia Mombasa mwaka 1896. Serikali ya Uingereza iliwaleta vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wakiwa watu wa Punjab, Waislamu, Masingasinga na Wahindu. Karibu 2,500 walikufa, na wapatao 6,700 walibaki katika nchi hii kazi ilipokwisha. Reli ilifika penye kinamasi kilichokuja kuwa Nairobi mwezi Mei 1899, na ukingoni mwa ziwa, Kisumu, mwezi Desemba 1901. Gharama yake ilipita pauni milioni 5.

Ukishapita Emali unafika mji wenye jina la kwetu: Sultan Hamud. Sayyid Hamoud bin Mohammed alitawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, na inasimuliwa kwamba alikuja mwenyewe kuitazama reli ilipofika mahali hapo, pakaitwa kwa jina lake. Wakati huo ukanda wa Pwani ulikuwa bado ni milki yake kwa jina, ingawa mamlaka yalikuwa mikononi mwa Waingereza. Maelfu ya wasafiri hupita pale kila siku, wakanunua mahindi ya kuchoma na ndizi, wasijue kwamba wanamtaja mfalme wa visiwani katikati ya Ukambani.

Baada ya hapo ni Kima. Mama alikuwa akitufungia dirisha la behewa tukikaribia stesheni hiyo, hata kama joto limezidi, na sababu yake ni ya kweli. Mwezi Juni 1900, Charles Ryall, afisa wa polisi ya reli, aliliegesha behewa lake hapo ili amvizie simba aliyekuwa akiwaua watu. Zamu yake ikamkuta usingizini. Simba aliingia behewani, akamnyakua, akatoka naye kwa dirishani. Behewa hilo liko mpaka leo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Kima na Sultan Hamud zote zilikuwa katika wilaya ya Machakos tulipokuwa watoto. Makueni ilikatwa kutoka humo mwaka 1992.

Kazi ya stesheni

Konza iko mbali kidogo na barabara kuu, penye mpaka wa kaunti tatu, Machakos, Makueni na Kajiado. Tuliiacha lami, tukafuata njia ya vumbi, na mama akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu Voi. Tulipofika alishuka mwenyewe bila kungoja mkono, akaenda mpaka ukingoni mwa jukwaa, akasimama akiitazama njia upande wa mashariki, kunakotoka gari la Mombasa.

Palikuwa na upepo na nyasi. Reli zilikuwa zimeshika kutu ya rangi ya udongo. Hapakuwa na msafiri wala mwuza chai, na hata mahali pa kukatia tikiti hapakuwa na dalili ya mtu. Nilijaribu kuwaeleza watoto wangu jinsi palivyokuwa, nikagundua kwamba lazima kwanza niwaeleze stesheni ya namna ile ilikuwa ya nini.

Reli ya zamani ilikuwa ya njia moja. Magari mawili yanayokutana hayawezi kupishana ila penye stesheni, ambapo njia hugawanyika na moja likaingia pembeni kungoja. Kwa hiyo stesheni ziliwekwa moja baada ya moja, hata mahali pasipokuwa na mji. Dereva hakuruhusiwa kuendelea mpaka stesheni masta apate hakika kutoka stesheni ya mbele kwamba njia ni tupu. Injini za mvuke nazo zilihitaji maji na moto wake ulihitaji kutengenezwa. Gari likisimama kwa haja zake hizo, binadamu naye hupata nafasi ya kushuka na haja zake: mwanamke na watoto wake, mwuza maziwa na kibuyu chake, mwanafunzi na sanduku lake la bati.

Nilizikumbuka pia injini zenyewe. Mkubwa wao alikuwa Garratt wa aina ya 59. Zililetwa injini 34 za aina hiyo katikati ya miaka ya 1950, kila moja imepewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi. Ilipoingia Konza alfajiri, ardhi ilitetemeka kabla hujaiona. Mjomba alikuwa akituambia, "Mlima umekuja." Kufikia mwaka 1980 injini za mvuke zilikuwa zimekwisha kazini, dizeli ikashika zamu.

Konza ilikuwa na heshima ya ziada, maana hapo ndipo reli ya Magadi inapoachana na reli kuu. Tawi hilo, lenye urefu wa kilomita 146 hivi, lilimalizika mwaka 1915, likajengwa kwa ajili ya kampuni iliyochimba magadi katika ziwa la Bonde la Ufa. Magadi hayo, ambayo mama zetu huyatia kidogo chunguni ili maharagwe yalainike, huko ng'ambo hutengenezewa vioo. Yalipita Konza yakashuka mpaka Kilindini. Hivyo stesheni hii ndogo iliunganisha bahari na ziwa la chumvi, na watoto wa Mombasa tulijua Konza ni wapi kabla ya kujua Nakuru.

Machakos iliyorukwa

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa kwao mama ni Machakos, kwa nini tushuke Konza? Jibu lake ni historia nzima ya mji huo.

Machakos ni mji mkongwe kuliko Nairobi. Jina lake linatokana na Masaku, mzee wa Kikamba aliyesifika kwa kuagua mambo yajayo. Kampuni ya Waingereza iliyotangulia serikali iliweka ngome yake hapo mwaka 1889, na misafara ya wapagazi kutoka Mombasa, Waswahili na Wakamba, ilipumzika hapo na kununua chakula kabla ya kuendelea Uganda. Lakini uhusiano wetu na watu hawa haukuletwa na Mwingereza. Miongo mingi kabla yake, wafanyabiashara wa Kikamba walikuwa wakishuka mpaka Rabai na Mombasa na pembe za ndovu, wakarudi na nguo na ushanga. Aliyesifika zaidi ni Kivoi wa Kitui, aliyekuwa mwenyeji wa mmishonari Krapf mwaka 1849.

Wajenzi wa reli walipovitazama vilima vya Machakos, waliona mzunguko na gharama. Waliukata uwanda wa Kapiti, wakaupita mji kwa upande wa magharibi. Mwaka huohuo wa 1899 makao ya utawala yakahamishiwa Nairobi. Mji uliokuwa mkubwa ukawa wa pembeni, na mtu wa Machakos akitaka gari la moshi akawa hana budi kushuka vilima, kwa miguu au kwa baiskeli, kama mjomba.

Stesheni iliyofuata baada ya Konza iliitwa Kapiti Plains. Hapo ndipo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliposhuka mwezi Aprili 1909 kwenda kuwinda. Sehemu ya njia kutoka Mombasa alisafiri ameketi kwenye kiti kilichofungwa mbele ya injini ili aone wanyama vizuri. Wapagazi zaidi ya 200 walikuwa wakimngoja na mahema. Vitabu vimehifadhi jina lake na idadi ya wanyama aliowaua. Majina ya wapagazi ni machache mno yaliyoandikwa.

Wakamba wenyewe wana kumbukumbu nyingine ya reli. Husimuliwa habari za Syokimau, mwanamke mwaguzi, aliyeona kabla ya wakati wake nyoka mrefu akitoka bahari moja kwenda nyingine, na pamoja naye watu wageni wenye kubeba moto mfukoni. Nyoka akafasiriwa kuwa reli, na moto kuwa kibiriti. Leo jina la Syokimau limepewa stesheni iliyofunguliwa Novemba 2012, ndani ya Kaunti ya Machakos, kwa ajili ya wafanyakazi wa Nairobi.

Na nyoka huyo hakuja na zawadi peke yake. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamuru ng'ombe wa Wakamba wapunguzwe kwa nguvu, na wakati huohuo kiwanda cha nyama kilikuwa kimejengwa Athi River, kando ya reli. Ng'ombe walichukuliwa, wakauzwa kwa bei ya kutupa. Muindi Mbingu akawaongoza watu wake, wanaume, wanawake na watoto, wakatembea kwa miguu kutoka Machakos mpaka Nairobi, wakakaa huko wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. Serikali ikalegeza amri ya ng'ombe, lakini ilimkamata Muindi na kumpeleka uhamishoni. Walimpeleka Lamu. Mama husema babu yake alikuwa katika maandamano yale, na kwamba neno "Lamu" alilisikia nyumbani kwao kama neno la kutishia watoto, miaka kabla ya kujua kwamba ni mji wa watu wenye adabu na mashairi.

Aliyeshuka hapa

Reli ya zamani haikufa siku moja. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, Kenya ikaunda lake. Barabara ya lami ikachukua abiria, malori yakachukua makontena. Mwaka 2006 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni ya kibinafsi, na mkataba huo nao ukakoma 2017. Mwishoni mwa Mei mwaka huo ikazinduliwa reli mpya ya upana wa milimita 1,435, badala ya ile ya mita moja kamili. Sikatai neema yake. Safari iliyokuwa ya usiku mzima sasa ni ya saa tano au sita, na mama mwenyewe ameipanda akaisifu. Lakini hata ile treni ya kusimama njiani, ikishaondoka Emali, haisimami tena mpaka Athi River. Katikati hapo ndipo Konza ilipo.

Jina lake, kwa upande mwingine, limekua. Si mbali na stesheni, serikali ilizindua mwaka 2013 ujenzi wa mji wa teknolojia kwenye ekari 5,000, ukaitwa Konza. Vijana wengi wakisikia neno hilo leo hufikiri ni kompyuta.

Tulipokuwa tukijiandaa kuondoka, alipita kijana mchungaji na mbuzi wake, wa miaka kumi na mbili au kumi na tatu. Mama alimsalimu kwa Kikamba, akamwuliza kama bado kuna watu wanaoshuka hapa. Kijana alifikiri kwa heshima, kisha akasema, "Tangu nizaliwe, nyanya, sijaona mtu akishuka hapa."

Mama akamwambia, "Mimi nilishuka hapa."

Kijana alimtazama, akazitazama reli, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za vita vya zamani.

Nilikumbuka wakati huo habari za Uingereza. Huko, mwaka 1963, ripoti ya Richard Beeching ilipendekeza zaidi ya stesheni 2,000 zifungwe, na vijiji vingi vya Wales vikabaki na jukwaa bila gari. Nyingine zilibomolewa. Lakini stesheni ya Tintern, iliyoacha kuchukua abiria mapema zaidi, mwaka 1959, ilitengenezwa na halmashauri ya sehemu hiyo ikawa mahali pa familia: watu hupumzika, hunywa chai, watoto husoma habari za magari yaliyokuwa yakipita. Haikuhitaji fedha za mji wa teknolojia. Konza nayo ingetosheka na kibao kimoja chenye kueleza palikuwa na nini, ili kijana yule asidhani kwamba bibi mgeni anamtania.

Mbuzi ya mkaza mjomba

Jua lilipokuwa linashuka tulipanda vilima. Machakos ni nchi ya matuta. Kila mteremko umechongwa ngazi za udongo ili mvua isiondoke nao, na mama aliyataja mashamba kwa majina ya wenyewe, ingawa wengi wao wamekwisha kufariki. Mkaza mjomba alitupokea mlangoni. Walishikana mikono wawili hawa, wakakaa muda mrefu bila kusema, nasi tukabaki tumesimama uani na mizigo.

Tulipoingia jikoni, nilikaribishwa kiti cha chini karibu na moto. Nilipotaka kukaa nikakitambua. Kilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, ile aliyoileta mama kwa gari la moshi nilipokuwa mdogo, nikaibeba mimi mwenyewe kutoka jukwaani mpaka kwenye baiskeli. Chuma chake kilikuwa kimefungwa kitambaa ili kisimchome mtu.

"Nazi zenu zilikoma kuja," akasema mkaza mjomba, bila ukali. "Ikabaki kiti."

Sikuwa na la kujibu. Mama alikifungua kile kitambaa, akapangusa chuma, akaniagiza nilete kikapu kutoka garini. Alikuwa amefunga nazi kumi, kama zamani. Usiku ule tulikula isyo, mahindi na maharagwe, yametiwa tui.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, nilichukua namba tatu za simu badala ya moja: ya mkaza mjomba, ya mwanawe, na ya jirani. Tukaulizana na binamu yangu njia nyepesi ya wao kuja Pwani, tukakubaliana: matatu mpaka Emali, kisha treni. Likizo ya Aprili, inshallah, wao ndio watakaoshuka Mombasa, nami nitakuwa stesheni kabla ya treni kufika.